Tonge la Mzee Ndahani

Siku yangu ya kwanza wodini kama mhudumu, Sista Perpetua, mkuu wa wodi, alinikabidhi kijiko kabla ya ufagio. "Mama Neema, kulisha mgonjwa ni kazi. Tazama uso, usitazame bakuli." Shule niliishia darasa la nne, lakini neno hilo sikuhitaji kuandikiwa.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, sabuni zimerudi madukani mtaa wa Majengo, na hospitali yetu imepata mashine inayochora mapigo ya moyo kwenye kioo. Ilikaa chumba cha mahututi. Mmoja wa waliofungwa nyaya zake ni Mzee Ndahani, mkulima wa uwele, mgonjwa wa moyo.

Mzee yule akimeza tu, anazimia. Macho yanageuka, kichwa kinalala, halafu punde anazinduka akiuliza chakula chake kiko wapi. Chakula kilipikwa na mkewe, Sechelela. Basi dada wa mzee, Matika, akaapa mbele yetu: "Wifi, umemwekea kitu kaka yangu. Akitoka hapa, wewe unarudi kwenu!" Sechelela akabaki kwenye benchi, bakuli la mboga ya mlenda mapajani, machozi yanamtoka.

Dokta Mushi akaagiza mzee asilishwe mpaka yeye awepo. Lakini kesho yake Matika alikuja na ugali aliousonga mwenyewe. Sista alipogeuka tu, mama yule akamtia kaka yake tonge. Mzee akameza. Akazimia.

"Mama wee! Nimemuua!"

"Kumbe hata wewe, wifi?" Sechelela akauliza kutoka benchini. Mimi niliuma kanga nisicheke.

Dokta alikuwa ameshafika mlangoni, macho kwenye kioo. Mstari ulikuwa umelala kama uzi. Mara ukaanza kurukaruka, na mzee akafumbua macho. Dokta akamnywesha maji kijiko kimoja. Mstari ukasita tena.

"Na maji ya bomba letu nayo yana uchawi, mama?"

Matika akaufunika ugali wake.

Dokta akatueleza kwamba njia ya chakula inapita nyuma ya moyo. Kwa mzee huyu, kila akimeza, mshipa wa fahamu unauamuru moyo upunguze mwendo, nao unasimama kidogo, damu haifiki kichwani. Tena dawa yake moja ilikuwa ikiuchelewesha zaidi. Akaisimamisha.

Nikamlisha uji mwepesi, vijiko vidogo vidogo, nimemwegemeza kwenye mito, jicho moja usoni, jingine kwenye kioo. Mstari ukatulia. Dokta aliporuhusu ugali, Matika mwenyewe alikwenda benchini akamshika Sechelela mkono.

"Njoo wifi, mpe wewe. Mimi mkono wangu naona una nuksi."

Sechelela akafinyanga tonge dogo, akalichovya kwenye mlenda. Mzee akameza. Hakuna aliyepumua. Akatutazama mmoja mmoja.

"Chumvi haitoshi," akasema.

Tulicheka mpaka Sista Perpetua akaja kutufukuza, naye anacheka.

Sasa nimestaafu, na wajukuu wananitania kwamba mgeni akila kwangu namkodolea macho kwenye tonge la kwanza. Ni kweli. Namsubiri alalamikie chumvi, ndipo na mimi ninawe mikono.