Dirisha la Ragnfrid

Halvard Tveiten alikuwa inspekta wa polisi wa Skarvdal, bonde letu huku Norwe, tangu enzi alizokuwa na nywele za kuchana. Ukikutana naye dukani ukamsalimu, alikujibu kwa kidevu, akaendelea kuchagua viazi. Si kiburi, wala msimwonee. Mtu aliyewaopoa watu mtoni, akawashusha waliojitundika kwenye mabanda ya ng'ombe, akabisha hodi kwa akina mama huku kofia iko mkononi, mtu huyo maneno humwishia mapema kuliko wengine. Mchana alikula mkate wake wa jibini ya kahawia ndani ya gari, peke yake, akashushia kahawa nyeusi kama lami. Vijana wa kituoni walimtania kwamba siku atakapostaafu hakuna atakayegundua mpaka kahawa ianze kubaki kwenye birika. Alicheka kidogo, kwa adabu tu.

Jambo ambalo hakumwambia mtu yeyote ni kwamba nyumbani kwake mkewe alikuwa hajaondoka.

Ragnfrid alifariki majira mawili ya baridi yaliyopita, sebuleni, kwenye kitanda walichomwekea karibu na jiko la kuni. Mazishi yalifanyika, kaburi lilichimbwa kwenye udongo ulioganda, watu walikula keki wakaenda zao. Na bado kila Halvard aliporudi kutoka kazini, akivua viatu pale mlangoni, alizisikia sindano za Ragnfrid za kufumia. Tik, tik, tik. Akiingia sebuleni zinanyamaza. Akikaa na gazeti lake, zinaanza tena nyuma ya mgongo wake, taratibu, kama za mtu asiyetaka kumsumbua mwenzake. Msidhani alikuwa na wazimu. Alijua kabisa kwa nini Ragnfrid yumo humo ndani, na alijua kosa ni la nani.

Huku kwetu mtu akifia nyumbani, dirisha hufunguliwa. Hatufundishani, tunaona wakubwa wakifanya nasi tunafanya. Hata manesi wa hospitali kubwa, na vyeti vyao vyote ukutani, hufungua dirisha bila kusema neno, roho ipate pa kupitia, halafu wanalifunga na kuendelea na kazi. Basi Ragnfrid alipokata roho, jirani yao Gudlaug Moen, mwanamke aliyekuwa akija kila siku kumsaidia Halvard kumgeuza mgonjwa, aliinuka akapeleka mkono kwenye ndoano ya dirisha. Halvard akamdaka kifundo cha mkono.

"Hakuna kugusa kitu mpaka daktari afike," alimwambia.

Ilikuwa sauti ya kazini. Mwenyewe aliisikia ikitoka, akashangaa. Gudlaug alimtazama, akaushusha mkono wake polepole, akakaa. Daktari alicheleweshwa na theluji. Dirisha likabaki vilevile limefungwa, na Halvard hakulifungua tena, hata jua la kiangazi lilipoingia mpaka jikoni. Mwanzoni aliona aibu. Baadaye akaona ameshachelewa. Na baada ya hapo, tuseme ukweli, alikuwa amezizoea zile sindano.

Mwezi wa Januari, katika baridi iliyopasua magogo msituni, ni Gudlaug huyohuyo aliyepiga simu kituoni. Kaka yake Asbjørn amekufa. Asbjørn alikuwa amepooza upande mmoja kwa miaka mingi, na dada yake ndiye aliyemlisha, aliyemwogesha, aliyemkalia usiku. Alieleza kwamba aliondoka alfajiri kwenda mjini kuchukua dawa, na aliporudi alimkuta kaka yake ameshakuwa baridi, dirisha la sebule liko wazi, na bunduki ya kuwindia iliyokuwa juu ya mlango haipo. Daktari akachunguza macho ya marehemu, akatikisa kichwa. Mzee alibanwa pumzi, pengine kwa mto wake wa kulalia. Saa ngapi, hakuweza kusema, maana chumba kizima kilikuwa barafu.

Kabla ya chakula cha mchana bunduki ilikuwa imepatikana. Ilikuwa kwenye gari la Odd-Geir Brenna, na hilo halikumshangaza mtu, kwa sababu bonde zima hakuna nyumba isiyopotelewa na msumeno, skii au mashine ya boti mikononi mwa Odd-Geir. Akatiwa ndani. Alijitetea kwamba aliingia kwa mlango kama mtu mwingine yeyote, mlango wenyewe haufungwi, akakuta mzee ameshakufa, akaona bunduki haina tena mwenyewe. Walimcheka. Sunniva, askari msichana aliyehamishiwa kwetu kutoka Oslo, mwenye akili nyingi na haraka nyingi vilevile, aliandika kwamba mwuaji aliingilia au alitokea dirishani, na mwendesha mashtaka akasema kesho yake asubuhi Odd-Geir atashtakiwa kwa mauaji.

Halvard alishuka kumwona mahabusu. Odd-Geir alikuwa amekaa na soksi zake za sufu, moja ina tundu, macho yamevimba kwa kulia.

"Halvard, mimi mwizi, unanijua," alisema. "Lakini kuua mtu? Mimi hata panya akinasa mtegoni namwita dada yangu aje amtoe. Wananifunga hivihivi, na wewe umekaa kimya. Umenikamata mara zote hizo, hujawahi kukaa kimya."

Maneno hayo yalimchoma, kwa sababu yalikuwa kweli. Halvard alijua tangu alipokanyaga mlango wa Gudlaug asubuhi ile. Aliliona dirisha limefunguliwa upana wa kiganja na ndoano yake imetiwa vizuri lisipigwe na upepo, akajua ni dirisha la namna gani. Lakini ili aseme alivyojua, ilimlazimu kusema na la nyumbani kwake. Kwa hiyo alinyamaza, na kwa kunyamaza kwake mtu asiye na hatia ya damu alikuwa amefungiwa mahabusu.

Akamchukua Sunniva, wakarudi nyumbani kwa Gudlaug. Walipofika alivua viatu, akaenda moja kwa moja dirishani, akamwambia Sunniva aone kimepungua nini. Binti aliangalia, hakuona. Halvard akamwonyesha zile duara za unyevu kwenye ubao wa dirisha, mahali vyungu vya maua vilipozoea kukaa. Vyungu vyenyewe vilikuwa chumba cha pili, vimepangwa juu ya gazeti, upande wa joto.

Sunniva alisema labda mwizi aliviondoa apate kupita.

"Akavipeleka karibu na jiko? Akavitandikia na gazeti?" Halvard aliuliza.

Hapo ndipo inspekta alipomweleza, amesimama palepale na soksi, anatazama theluji nje. Alimweleza desturi, ambayo binti aliwahi kuisikia kwa bibi yake akaidharau. Alimweleza juu ya Ragnfrid, na juu ya mkono aliouzuia. Alimweleza mpaka habari ya sindano. Hakuwahi kusema maneno mengi namna ile kwa mara moja tangu alipooa. Sunniva hakucheka. Aliuliza tu kwa sauti ndogo, sasa ni nani, na Halvard akaelekeza kidevu jikoni, ambako Gudlaug alikuwa anawachemshia kahawa.

Kwetu huwezi kumhoji mtu kabla hajakumiminia kikombe. Gudlaug aliwamiminia, akawawekea vipande vya keki, akakaa mwisho wa meza na mikono mapajani. Alikuwa amekonda. Halvard alikunywa kidogo, akakiweka kikombe chini.

"Ni nani aliyehamisha maua, Gudlaug?"

Gudlaug aligeuka, akavitazama vile vyungu kupitia mlango.

"Yangekufa na baridi," akasema.

Baada ya hapo hakuhitaji kusukumwa. Alieleza bila kulia, kama mtu anayetua mzigo aliokwisha kuuzoea mgongoni. Asbjørn alikuwa akimwomba. Kila siku alimwomba, kwa ule upande wa mdomo uliobaki, naye kila siku alimwambia anyamaze ale uji wake. Usiku ule alikuwa amemgeuza hajui mara ngapi, mgongo unamwuma, na kaka yake akaomba tena, naye akauchukua mto.

"Watu watasema nilimhurumia," alisema. "Mimi sijui, Halvard. Sijui kama nilimhurumia yeye au nilijihurumia mimi. Nimekaa hapa nalitafuta jibu na silioni."

Sunniva, macho yamemlowa, alimwuliza mbona basi aliliacha dirisha wazi mpaka aliporudi kutoka mjini, asilifunge kama watu wafanyavyo.

"Sikuwa na hakika kama ameshatoka," Gudlaug alijibu. "Asbjørn alikuwa mzito wa kuondoka hata alipokuwa mzima. Ukimwalika kahawa, anaondoka chakula cha usiku. Nikaona nimwachie nafasi."

Akatabasamu kidogo, na tabasamu lile lilikuwa baya kulitazama. Akaendelea kusema kwamba aliporudi akakuta bunduki haipo, shetani akamnong'oneza kwamba mwizi amepita, na mwizi si mtu wa kuliliwa na yeyote.

"Mwachieni Odd-Geir leo hii," alisema. "Leo, si kesho."

Aliosha vikombe mwenyewe, akavifuta, akavirudisha kabatini. Akavaa koti na glavu zake za sufu. Akamwomba Sunniva amwagilie maua maji, kidogo tu, hayapendi mengi. Mlangoni alisimama mbele ya Halvard, akamnyooshea mikono kama alivyoona wakifanya kwenye televisheni. Halvard alikishika kifundo cha mkono wake, kilekile, akakumbuka wembamba wake, akakiachia. Hakumtia pingu.

"Nilijua utakuja wewe," Gudlaug alimwambia. "Hao wengine wangeona dirisha tu. Mke wako, ulikuja kumfungulia?"

Halvard alitikisa kichwa.

"Basi kamfungulie, baba. Amechoka kukungoja."

Saa tisa mchana giza lilikuwa limeshaingia, kama kawaida ya Januari. Odd-Geir alitoka mahabusu na kesi yake ya bunduki tu, akamkumbatia inspekta mbele ya watu, na Halvard akasimama wima kama gogo mpaka alipoachiwa. Kisha akaendesha gari kwenda nyumbani. Akavua viatu. Tik, tik, tik.

Hakuwasha taa. Alivibeba vyungu vya Ragnfrid kimoja kimoja mpaka jikoni, akavitandikia gazeti, akavisogeza kwenye joto. Alifanya polepole mno, na mwenyewe alijua anachelewesha. Alipomaliza alirudi dirishani, akainua ndoano. Fremu ilikuwa imegandana kwa muda ule wote, ikabidi aipige kwa kiganja mara kadhaa ndipo ikaachia. Baridi ikaingia, ikapita usoni kwake, ikapeperusha gazeti kwenye kiti.

Nyuma ya mgongo wake sindano ziliendelea kidogo, kama za mtu anayemalizia mstari. Kisha zikakoma.

Alitaka kugeuka, hakugeuka. Alisimama pale mpaka vidole vikafa ganzi, kwa sababu na yeye hakuwa na hakika kama ameshatoka, na alitaka kumwachia nafasi. Halafu akalifunga dirisha, akatia ndoano, akakaa kwenye kiti chake na koti mwilini. Nyumba ilikuwa kimya kabisa. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi Halvard Tveiten akalia, maana sasa ndipo mkewe alipokufa.