Glasi ya Pili

Jamani, naandika huku nimejifunika uso. Juzi, kwenye hoteli ya kitalii ninapohudumia hapa Serengeti, mama mmoja mtu mzima alikuja peke yake na chupa ya Shiraz, mvinyo mwekundu wa miaka mingi. Akaomba glasi mbili.

"Mwanangu, mimina kidogo ya kuonja."

Kwetu Kenyamonta anayemimina pombe huonja kwanza, mgeni aone haina sumu. Nikamimina kwenye glasi ya pili, nikanywa yote. Ulimi ukakauka kama nimetafuna ndizi mbichi.

"Iko salama, mama!" nikatangaza, kifua mbele.

Akaitazama glasi tupu, akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Wa kuonja ni mimi, mwanangu, na glasi hiyo ni ya marehemu mume wangu. Haya, kaa uniambie, angeipenda?"