Tapeti na Injini Moto

Watu wangu, leo nimechoka na hii pikipiki. Na fundi amenichosha zaidi.

Asubuhi nimetoka Kabiro nikampelekea huko Gatwekera anisetie tapeti, zile za kusukuma valvu. Zimelegea, injini inagonga kama cherehani.

Akaniambia, "Tapeti haisetiwi injini ikiwa moto. Wacha ipoe."

Sawa. Nimekaa kwa jiwe hadi saa saba, nikikataa wateja wa boda.

Ikapoa. Nikaenda choo kidogo tu.

Kurudi, pikipiki hakuna. Fundi pia hakuna.

Huyo anakuja nayo mbio, chapati kwa mfuko. "Boss, njaa ilinishika."

Akagusa injini, akatoa mkono haraka.

"Aii, iko moto. Wacha ipoe."

Bado niko kwa hiyo jiwe. Chapo moja ilikuwa yangu. Nimekula.

Nyinyi mngekataa?