Manowari ya Moshono

Wiki hii tumemzika mpima ardhi mstaafu wa Moshono, mtu pekee niliyemfahamu hapa Arusha aliyejenga manowari juu ya meza ya kulia chakula. Mpaka anafariki hakuwahi kupanda hata mtumbwi, lakini kwa miaka mingi aliichonga, kwa mbao za mgrevilea wa shambani kwake Meru, ile meli ya kivita ya Wajerumani iliyoishia mto Rufiji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Sentimita moja kwake ilikuwa mita moja ya meli yenyewe, na ole wako uguse kitu. Mabomba matatu ya moshi aliyakunja kwa bati la makopo ya maziwa, milingoti ilikuwa spoki za baiskeli, na ubavuni alipachika vichwa vya pini kimoja kimoja kwa kibanio cha nyusi cha mkewe. Jumuiya ya kanisa ikisali kwao, chai tulikunywa vikombe vikiwa magotini, maana meza ilikuwa na meli. Nilimpenda sana mzee yule.

Siku moja nilimkuta ameing'oa mizinga yote kwenye sitaha. "Shikamoo mzee. Vita imeisha?" nikamtania. "Marahaba. Ndiyo kwanza inaanza." Akanieleza kwamba meli ilipozama, mizinga yake ilitolewa ikaburutwa nchi kavu, na miongoni mwa waliovuta kamba alikuwa babu yake, aliyechukuliwa kwa nguvu kutoka mitelemko ya Meru asirudi tena. Kwao kila marehemu amelala kwenye migomba ya nyumbani, isipokuwa huyo. Baba yake alikufa jambo hilo likimuuma, na yeye alitaka amrudishe babu kwa njia pekee aliyoiweza, yaani kwa kisu na mbao.

Basi kazi ya kuigiza wavutaji hao ikatuangukia wanajumuiya. Baada ya sala alifunga kamba kwenye mparachichi, akatupanga kwa zamu tuvute huku yeye akichora migongo yetu. Mama mmoja muuza nafaka alivuta mpaka kilemba kikamdondoka. Nikacheka, nikakaripiwa: "Usicheke, mwandishi. Huo ni mzinga!" Watu aliowachonga walitoka na migongo yetu kabisa, ila walikuwa na urefu wa kidole, mtu mmoja nusu ya bomba la moshi. "Mzee, kipimo kimeenda wapi?" nikauliza. "Nikikifuata hawataonekana," akasema, "na shida yao tangu mwanzo ni hiyo hiyo." Mtu aliyepima viwanja vya Sombetini bila kumwonea jirani hata unyayo mmoja, hapo alivunja kipimo kwa makusudi. Babu alimchonga mwisho. Hakumpa kamba, alimkalisha chini, miguu ameinyoosha.

Tangu hapo kila nikisoma habari za vita ile huwa nawatafuta waliobeba mizigo. Wakubwa wa meli wanatajwa kwa majina na vyeo, lakini waliovuta chuma porini wanapewa nusu sentensi, tena wakiwa wengi. Inaniudhi, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa upole.

Baada ya maziko, kikao cha familia kilikaa pale pale shambani Meru tulipomzika, meli ikiwa imeletwa waombolezaji waione. Mdogo wa marehemu alishauri ipelekwe shuleni, mizinga irudishwe juu, na wale watu waondolewe kwa sababu wanaharibu vipimo. Mjane akanyanyuka. "Shemeji, meli chukueni, watoto wajifunze. Mizinga hairudi juu, na wavutaji wataenda nayo. Ila huyu aliyekaa haendi popote. Ameshafika kwao." Akamtwaa babu kwa vidole viwili, akaenda naye kwenye migomba, akamlaza kwenye udongo mbichi wa kaburi la mumewe, mjukuu wa babu huyo, na kumfukia kwa kiganja. Mdogo mtu mwenyewe alivua kofia. Wewe unayejenga kumbukumbu yoyote, iwe sanamu au kitabu, anza na waliovuta kamba, kisha ndipo uweke chuma.