Fulana za Rangi Moja

Kaka yangu alichapa fulana kwa miaka ishirini na mitatu, na kila mteja aliyethubutu kuuliza bei alipewa somo. "Rangi moja, fremu moja ya kuchapia. Ukitaka rangi nne, fremu nne, na kila moja naitua kwa mkono palepale ilipotua ya kwanza. Kuzitengeneza ni jasho lilelile, uchapishe fulana kumi au mia. Leta watu wengi, bei ishuke." Kitambaa kikiwa cheusi, somo lilirefuka: cheusi kinameza rangi, sharti utangulize nyeupe chini, uikaushe, ndipo zifuate nyingine. Wifi yangu akipita na chai alimtania, "Mwalimu, waachie watoto wa watu waende nyumbani."

Wifi aliugua miezi saba. Siku moja namchana nywele, akamwambia mumewe, "Siku yangu ikifika, unichape kwenye fulana wewe mwenyewe. Na gauni langu la njano na kilemba chekundu. Usinitoe kama kivuli." Kaka akacheka kwa shida, akaahidi.

Alifariki Jumatatu. Mazishi yalipangwa Jumamosi, fulana arobaini, nyeusi.

Alhamisi nikaenda karakana kuona kazi. Fulana zilikuwa mezani zimekunjwa vizuri: uso wa wifi kwa rangi nyeupe peke yake. Gauni halina njano, kilemba hakina wekundu. Kivuli kitupu.

"Wateja unawapa rangi nne, mkeo unampa moja?"

"Rangi zimepanda bei," alisema, hakuniangalia.

"Bahili wee. Mpaka kwa maiti?"

Nikatoka nikabamiza mlango, na wala sikuishia hapo. Nilimpitia dada wa marehemu nikamweleza yote, nikijua fika mdomo wake hauna breki. Nilikuwa na hasira, basi.

Ijumaa nilirudi kuchukua mzigo. Kaka alikuwa nje anapokea wageni. Nikatafuta kitu cha kubebea, nikavuta gunia lililosukumwa nyuma ya meza. Lilikuwa zito, limejaa fulana nyeusi. Nikakunjua ya juu. Gauni la njano lile, kilemba chekundu kile, na midomo ya wifi imehamia shavuni. Nikakunjua ya pili, jicho limeshuka. Ya tatu, kilemba kinaelea mbali na kichwa. Zilikuwa kumi na moja, na hakuna hata moja iliyokuwa yeye.

Kaka akaingia, akaniona nimeishika ile ya kwanza. Hakunigombeza. Alininyooshea mkono wa kulia tu, nikauona unavyotetemeka.

"Tangu lini?"

"Tangu alipolazwa. Rangi moja bado naiweza. Ya pili inanihama. Nimempinda mdomo mara kumi na moja, mdogo wangu. Sikuweza kumtazama tena."

"Si ungempa fundi mwingine?"

"Alitaka nimchape mimi." Akalichukua gunia, akalifunga kamba. Fundo lilimshinda, nikamfungia. "Usimwambie mtu. Wakijua mkono umeisha, nani ataniletea kazi? Na watoto hawa alioniachia niwalishe nini?"

Nikaapa. Nililia njia nzima, na nilijichukia.

Jumamosi tulisimama kaburini, watu arobaini na uso mweupe vifuani. Dada wa marehemu akaitazama fulana yake, akamgeukia kaka, akasema kila mtu asikie, "Shemeji, hata leo umeona ubane matumizi?"

Nikafungua mdomo. Kaka akaniangalia, nikaufunga.

Akautia mkono wa kulia mfukoni. "Mnisamehe," alisema. "Rangi ni ghali."

Walimwamini wote, maana habari walikuwa nayo tangu Alhamisi, na aliyeipeleka ni mimi.