Jumbe Alipopelekwa Boma Peke Yake

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya baridi kali kule kwetu jirani na Nyololo, miaka ile ya hamsini Mwingereza bado anatutawala. Baba yangu alikuwa jumbe, mkuu wa kijiji chetu. Wiki iliyotangulia, kijana mmoja alimpiga mwenzake rungu kwenye pombe, akafa. Baba akawaita wazee wa baraza. Wote kwa kauli moja wakasema tufanye kama tulivyozoea: ukoo wa muuaji utoe ng'ombe, kisha koo mbili zinywe ulanzi, ile pombe ya mianzi, kwenye kibuyu kimoja, yaishe. Wakanywa. Mimi ndiye niliyewamiminia.

Basi asubuhi hiyo askari wa boma wakaja na pingu. "Nani aliyeamua kuficha mauaji?" Baba akawatazama wazee wenzake mmoja mmoja. Loo! Wanaume wazima, kila mmoja macho chini. Baba akasema, "Jumbe ni mimi," akanyoosha mikono.

Huko Iringa, hakimu aliuliza kama ana mashahidi. Hakuna mzee aliyeshuka kwenda kumtolea ushahidi. Huyu mguu unamuuma, yule ng'ombe wake anazaa. Hakimu angejuaje kuwa lile lilikuwa shauri la baraza zima? Baba akafungwa, kichomi kikamuulia gerezani, wakamzika huko huko. Kaburi lake silijui mpaka leo, na linaniuma.

Wazee walipokuja kutoa pole, mama hakuwapa hata vigoda. Aliwaambia, "Mliamua wote, akafungwa mmoja. Rudini na pole zenu." Wakageuka, wakaondoka.

Sasa wewe umechaguliwa halmashauri ya kijiji, unatamba na koti jipya. Haya, sikia. Mtu akiuawa, toeni taarifa polisi siku hiyo hiyo. Najua utaniambia mila. Mila naijua kabla hujazaliwa. Koo zipatanisheni, ni vyema, lakini msimtwike mwenyekiti kazi ya mahakama. Na akikamatwa kwa jambo mliloamua pamoja, nendeni naye, mtafutieni wakili, simameni mbele ya hakimu mseme, "Tulikuwepo." Sheria inaweza kumlinda, ila haitamsikia shahidi aliyejifungia nyumbani kwake.

Mungu akufungue mdomo siku utakayoogopa, mwanangu. Akuzeeshe ukiweza kuwatazama machoni watoto wa mwenzako.