Uvimbe Nilioufunika kwa Kikoi

Kabla ya kuumwa nilikuwa beki wa klabu moja ya Sur, huku Omani, nikilipwa. Mkataba niliupigania mwenyewe, kama anunuaye mbuzi soko la Nizwa: unampapasa mara mbili, unaondoka, unarudi.

Siku moja nikioga nikagusa kitu kwenye korodani ya kushoto. Kigumu, kidogo kama kokwa ya tende, hakiumi. Nikagusa tena. Kipo.

Ilinipasa nimwambie daktari wa timu. Lakini chumba chetu cha kubadilishia nguo kilikuwa na neno lake. Aliyechechemea, hanithi. Aliyeomba barafu, shoga. Saidi, nahodha wetu, ndiye aliyekuwa fundi wa maneno hayo. Alipomtupia mwamuzi, alifungiwa mechi tatu. Alipotutupia sisi, tulicheka.

Nasi twaoga na kikoi kiunoni, ndiyo ada, basi hakuna aliyeona. Uvimbe ukakua ukawa mzito kama jiwe. Tumbo la chini likavuta, mgongo ukauma. Nikikaa nainuka, nikilala nageuka. Uwanjani nikikimbia hata nisikotakiwa.

"Leo umekalia siafu?" kocha akaniuliza.

Mke wangu, Zuwena, ndiye aliyegundua. Aliponigusa niligutuka.

"Nini hii?"

"Mpira ulinigonga."

"Mpira gani huo? Miezi sasa nakuona hukai, hulali. Vaa, twende."

Nikajaribu kupatana: tungoje ligi imalizike.

"Sikuuzii, bwana. Nakupeleka."

Daktari hakuzunguka. "Ni saratani. Korodani hii inatoka. Ungechelewa zaidi, ingepanda mapafuni."

Nikamuuliza kama haiwezi kutoka nusu. Hakucheka.

Ikatoka. Kisha zikaja dawa za mishipani. Nilitapika mpaka nyongo. Nywele zikabaki kwenye mto. Mdomoni nikawa na ladha ya chuma, chai na samaki zote sawa. Usiku miguu ikitaka kwenda, mwili hauna nguvu ya kuifuata.

Nilipona. Niliporudi mazoezini, Saidi akanipokea mbele ya wote: "Ahlan, hanithi nusu!"

Wengine wakacheka, wengine wakatazama viatu vyao. Nikaenda moja kwa moja kwa msimamizi wa klabu.

"Nitamkata mshahara," akasema.

"Bei hiyo siitaki. Afungiwe kama alivyofungiwa kwa mwamuzi. Na juu yake aende kwa daktari, achunguzwe. Yeye na timu nzima."

"Mechi moja, basi."

Nikainuka. Nilikuwa mlangoni aliponiita.

"Tatu. Kaa chini."

Saidi nilimpeleka mwenyewe. Alitoka kwa daktari mzima, jasho linamchuruzika. Garini akawa anafungua kioo, anafunga, anafungua.

"Hivi wewe, uliogopa kuingia mle?" akaniuliza.

"Mle? La. Nilikuogopa wewe."

Akageuza uso dirishani. Tangu hapo neno lile sikulisikia tena kinywani mwake, ila sikwambii kwamba nilimwamini upesi.

Namshukuru Mungu, kisha Zuwena. Wanaume wenzangu, jipapaseni mkioga, na mkigusa kitu, nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Nanyi wenye vilabu, adhabu ya neno lile isiwe kwa ajili ya mwamuzi peke yake.

Mie nilikuwa na mke wa kunikokota. Lakini kama mle chumbani alikuwemo mwenzetu ambaye neno lile lilimlenga hasa, akacheka pamoja nasi ili asijulikane, yeye maumivu yake alimwonyesha nani?